Moyo na Mshipa: Habari za Mafundisho ya Magonjwa ya Moyo kwa Wauguzi

Katika lugha ya Kiswahili ni viungo vichache vya mwili vitajwavyo mara nyingi kama moyo, na ni vichache ambavyo kazi yake hujulikana kidogo kama moyo. Twasema mtu ametiwa moyo, amekufa moyo, ana moyo mgumu au moyo mkunjufu, amejifunza maneno fulani kwa moyo. Mhubiri anenapo juu ya moyo, wasikilizaji wake wafahamu mara moja, wala hana haja ya kueleza kwamba hasemi habari za nyama ile iliyo kifuani. Bali mwalimu wa wauguzi yumo katika shida iliyo kinyume cha hiyo. Yeye ataka kunena juu ya nyama ile yenyewe, na masikio ya wanafunzi wake yamezoea kusikia habari za nia, upendo na ushujaa.

Katika makala haya twataka kueleza jinsi elimu ya moyo na magonjwa yake ilivyopatikana, na jinsi ilivyofika mikononi mwa wauguzi. Twaandika si kwa matabibu, maana wao wana vitabu vyao, bali kwa walimu na wachungaji ambao kila siku huombwa kueleza maneno ya hospitali kwa watu wasioyaelewa. Tena twaona kwamba historia hii yatufundisha jambo moja kubwa kuhusu mafundisho yenyewe, nalo tutalitaja kila mahali litakapojitokeza.

Tuanze na habari tuliyoiona wenyewe. Bibi mmoja, mtu wa makamo ya kuwa na wajukuu wakubwa, alikwenda zahanati kwa ajili ya kuumwa kichwa. Mwanafunzi wa uuguzi alimpima akamwambia, “Bibi, presha yako imepanda sana.” Bibi akajibu, “Ni kweli, mwanangu, mwaka huu nina mawazo mengi juu ya shamba letu.” Mwanafunzi akaitikia kwa kichwa, akampa vidonge, akamwita mwingine. Baada ya miezi mitatu ugomvi wa shamba ukaamuliwa na wazee. Yule bibi akafurahi, akaviacha vidonge, maana kwake presha ilikuwa ni ule uzito wa mawazo, na uzito umeondoka. Kabla ya mwaka kwisha akapatwa na kiharusi upande wa kuume, na hata alipofariki hakupata tena kusema sawasawa. Mwanafunzi yule alikuwa amepima vema, na dawa ilikuwa ndiyo. Kilichokosekana ni maneno tu.

Juu ya maneno haya

Neno “presha” lilitoka katika Kiingereza, nalo limeingia katika kila kijiji. Watu husema “presha ya kupanda” na “presha ya kushuka”. Husema pia “usinipe presha”, yaani usinisumbue. Vitabu vya shule hutumia “shinikizo la damu”, nalo ni neno zuri, kwa kuwa laonyesha kitu kinachosukuma na kubana; lakini mgonjwa halitumii nyumbani kwake. Basi mwanafunzi asomaye shinikizo darasani na kusema presha wodini hana budi kujua kwamba amevuka mpaka wa maana mbili. Katika ile ya pili, huzuni na hasira ndizo ugonjwa wenyewe, na faraja ndiyo dawa.

Neno “mshipa” ni gumu zaidi. Katika kamusi za zamani na katika vinywa vya watu mpaka leo, mshipa ni njia ya damu, ni kano, ni neva, tena katika sehemu nyingi ni jina la ngiri na uvimbe wa sehemu za siri za mwanamume. Mwanafunzi akimwuliza mzee mbele ya watu, “Je, una ugonjwa wa mishipa?” mzee atakasirika, wala hatajibu neno jingine siku ile. Tena mshipa mmoja wachukua damu kutoka moyoni, na mshipa mwingine wairudisha, na lugha yetu haikuwa na majina mawili ya kuitenga. Vitabu vya sasa vyasema ateri na vena. Si vibaya, ila mwalimu na aeleze kwanza kazi ya kila mmoja, kisha ndipo alete jina.

Kuna na “chembe cha moyo”. Mgonjwa asemapo kwamba chembe cha moyo kinamwuma, huweka mkono chini ya mfupa wa kifua, juu ya tumbo, mahali ambapo moyo haupo. Muuguzi mgeni aweza kucheka na kumpa dawa ya tumbo. Lakini yatupasa kukumbuka kwamba shambulio la moyo, yaani kuzibika kwa mshipa unaoulisha moyo wenyewe, mara nyingine huuma mahali pale pale, pamoja na kichefuchefu na jasho la baridi. Hapo maneno ya kale yalimfaa mgonjwa kuliko elimu ya haraka.

Tena kuna “kiharusi”, ambacho wengi hukihesabu kuwa kazi ya pepo au ya uchawi kwa sababu humwangusha mtu ghafula, bila homa wala jeraha. Mtu aaminiye hivyo hatapelekwa hospitalini siku ya kwanza. Na siku ya kwanza, hasa saa zile chache za mwanzo, ndiyo yenye thamani kuliko nyingine zote.

Elimu ya kale na kosa lililodumu

Mtu asidhani kwamba shida hii ni ya wasemao Kiswahili peke yao. Mataifa yote yalianza kwa kuuheshimu moyo bila kujua kazi yake. Galen, tabibu Mgiriki wa mji wa Pergamo, aliyezaliwa yapata mwaka 129 na kufanya kazi Roma, alifundisha kwamba damu hufanyizwa ndani ya ini kutokana na chakula, ikaenda viungoni na kutumika huko kama maji yanyweshwayo shamba. Sehemu yake, alisema, hupenya kutoka upande wa kuume wa moyo mpaka wa kushoto kwa vitundu visivyoonekana katika ukuta wa katikati. Vitundu hivyo havipo. Hata hivyo vilifundishwa kwa zaidi ya miaka elfu, kwa sababu mwalimu alisoma kitabu na wanafunzi walimsikiliza mwalimu.

Wa kwanza tumjuaye kuandika waziwazi kwamba ukuta ule hauna njia ni Ibn al-Nafis, tabibu aliyetoka upande wa Dameski akafanya kazi Misri. Mwaka 1242, katika maelezo yake juu ya kitabu cha Ibn Sina, alisema kwamba damu lazima ipite katika mapafu ndipo ifike upande wa kushoto. Maandiko yake yalilala bila kuangaliwa mpaka mwaka 1924, tabibu wa Misri aliyekuwa akisoma Ujerumani alipoyaona katika maktaba ya Berlin. Wasomaji wetu walio jirani na vyuo vya Kiarabu watapenda kujua hayo. Tena yaonyesha kwamba kweli ikiisha kuandikwa haitoshi, kama hakuna wa kuifundisha.

Harvey na hesabu yake

Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey alichapa huko Frankfurt kitabu kidogo cha Kilatini juu ya mwendo wa moyo na damu. Alikuwa amesoma Padua kwa Fabricius, aliyewaonyesha wanafunzi wake vilango vidogo vilivyomo ndani ya vena, bila kujua vina kazi gani. Harvey hakuwa na hadubini wala chombo kingine cha ajabu. Alihesabu tu. Alikadiria kiasi cha damu kitolewacho na moyo kwa pigo moja, akakizidisha kwa mapigo ya nusu saa, akaona kwamba jumla imepita damu yote ya mwili, tena yapita chakula chochote awezacho mtu kula. Basi damu haiwezi kuwa yafanyizwa upya kila mara na kutumika. Lazima ni ile ile, yaenda na kurudi, yazunguka.

Hesabu hii yafaa kufanywa na kila darasa la wauguzi, kwa kuwa haina gharama. Mtu mzima akiwa ametulia, moyo wake hupiga yapata mara 70 kwa dakika, na kila pigo hutoa yapata mililita 70. Wanafunzi na wazidishe wenyewe. Watapata karibu lita 5 kwa dakika, nayo ndiyo karibu damu yote iliyo mwilini. Kwa saa moja ni lita 300, yaani ndoo 15 za lita 20. Mwanafunzi aliyewahi kuteka maji kisimani ajua ndoo 15 ni kazi gani. Akiisha kuona kwamba kiungo kisichozidi sana ngumi yake hufanya kazi ile usiku na mchana, hahitaji kuambiwa tena kwa nini moyo huchoka njia zikiwa nyembamba.

Harvey alionyesha pia jambo ambalo kila mtu aweza kulitazama katika mkono wake. Funga kitambaa juu ya kiwiko, kisikazwe sana. Mishipa ya mkono itavimba, na hapa na pale pataonekana vifundo; ndivyo vilango vya Fabricius. Bonyeza mshipa kwa kidole kimoja chini ya kifundo, na kwa kidole kingine ukamue damu kwenda juu kupita kifundo kile. Mshipa utabaki mtupu. Damu ya juu hairudi. Uondoe kidole cha chini, nao utajaa mara moja kutoka upande wa vidole. Ndipo wanafunzi watasema wenyewe kwamba damu katika mshipa huu yaelekea moyoni, na mwalimu hana la kuongeza ila jina lake. Kiungo kimoja tu cha mzunguko huo Harvey hakukiona, nacho ni njia nyembamba sana ziunganishazo ateri na vena. Marcello Malpighi aliziona mwaka 1661 katika pafu la chura, kwa hadubini.

Kuhesabu, kupima na kusikiliza

Tangu hapo elimu ya moyo iliendelea kwa mikono mingi, tena si ya matabibu peke yao. Mwaka 1707 John Floyer, tabibu wa Lichfield, alitoa kitabu juu ya kuhesabu mapigo kwa saa iliyofanyizwa kwenda dakika moja kamili, kwa kuwa saa nyingi za wakati ule hazikuwa na mshale wa sekunde. Mwaka 1733 Stephen Hales, aliyekuwa padre wa mtaa wa Teddington karibu na London, alichapa habari za majaribio yake. Alitia bomba dogo katika ateri ya paja la farasi jike na kuliunganisha na mrija mrefu wa kioo, na damu ikapanda futi 8 na inchi 3. Hapo kwanza mtu aliiona presha ya damu kwa macho. Twaitaja kazi ya padre huyu kwa furaha, ijapokuwa twamhurumia farasi.

Habari ya William Withering yatugusa sisi tunaokusanya desturi. Mwaka 1775 aliulizwa juu ya dawa ya ukoo mmoja huko Shropshire, iliyotunzwa kwa siri na mwanamke mzee, ambayo iliponya uvimbe wa maji pale matabibu walipokwisha kushindwa. Dawa ile ilikuwa na mitishamba zaidi ya 20. Withering hakuidharau kwa kuwa ni ya kienyeji, wala hakuisadiki yote. Alichunguza akaona kwamba nguvu imo katika mmea mmoja, digitali, kisha kwa miaka kumi aliandika kila mgonjwa, waliopona na waliodhurika, mpaka alipochapa kitabu chake mwaka 1785. Mmea huu ni dawa na ni sumu, na kati ya hivyo viwili pana nafasi ndogo tu. Ndiyo maana mpaka leo muuguzi hufundishwa kusikiliza moyo wa mtu mzima kwa dakika nzima kabla ya kumpa dawa ya namna hiyo, na mapigo yakiwa chini ya 60 aizuie na kumwita daktari. Mwanafunzi akiambiwa amri hii tupu ataisahau siku ya pilikapilika. Akiisha kusikia habari za Withering, ajua anazuia nini.

Mwaka 1816 René Laennec wa hospitali ya Necker, Paris, aliona vigumu kuweka sikio lake kifuani pa mwanamke kijana. Akakunja karatasi kama bomba, akasikia moyo waziwazi kuliko alivyopata kusikia. Kutoka adabu hiyo kikazaliwa chombo kining'iniacho leo shingoni pa kila mwanafunzi. Mwaka 1896 Scipione Riva-Rocci wa Torino alitengeneza mfuko wa kufunga mkono, uliounganishwa na mrija wa zebaki. Na mwaka 1905 Nikolai Korotkov, daktari wa jeshi la Urusi, akaeleza huko St. Petersburg kwamba ukisikiliza mshipa chini ya mfuko ule huku hewa ikipungua, utasikia mapigo yakianza kisha yakikoma. Yanapoanza ndiyo hesabu ya juu. Yanapokoma ndiyo hesabu ya chini. Hizo ndizo hesabu mbili ambazo bibi yetu aliandikiwa katika kadi yake, wala hakuna aliyemweleza.

Elimu ilivyofika kwa muuguzi

Mpaka hapa hatukumtaja muuguzi, kwa sababu kwa muda mrefu hakufundishwa hayo. Florence Nightingale alipoanzisha shule yake katika hospitali ya St Thomas, London, mwaka 1860, alishika neno moja kuliko yote: kwamba muuguzi afundishwe kutazama, nini cha kutazama na namna ya kukitazama, maana ndiye aliye na mgonjwa usiku. Lakini kutazama ni jambo moja, na kuruhusiwa kuamua ni jingine. Katika hospitali nyingi hata kupima presha kulihesabiwa kuwa kazi ya daktari kwa miaka mingi kabla ya kukabidhiwa wauguzi. Na Willem Einthoven wa Leiden alipovumbua mwanzoni mwa karne ya 20 chombo cha kuchora umeme wa moyo, ambacho kwacho alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1924, mchoro ule ulisomwa na mabingwa tu.

Badiliko kubwa lilikuja Marekani. Ilikwisha kujulikana kwamba wengi wafao kwa shambulio la moyo hufa kwa sababu moyo waacha ghafula kupiga kwa taratibu na kubaki ukitetemeka. Tena ilijulikana kwamba umeme upitishwao kifuani waweza kuurudishia mwendo wake. Paul Zoll alikwisha kuonyesha hivyo mwaka 1956. Mwaka 1960 madaktari wa Johns Hopkins, Baltimore, wakaeleza jinsi ya kuusukuma moyo kwa mikono juu ya kifua pasipo kukipasua. Dawa ilikuwapo, basi, wala haikufika. Ubongo ukikosa damu huanza kuharibika baada ya dakika chache, na daktari alikuwa mbali, katika wodi nyingine au kitandani kwake.

Mwaka 1962 Hughes Day alifungua huko Kansas City chumba cha pekee cha wagonjwa wa namna hii. Na katika Presbyterian Hospital ya Philadelphia, daktari Lawrence Meltzer na muuguzi Rose Pinneo wakalitia jambo hili katika jaribio: wauguzi wafundishwe kusoma mchoro wa moyo, waketi karibu na mgonjwa mchana na usiku, na wakiona mtetemeko ule wautumie umeme wao wenyewe, bila kumngoja daktari. Wako walioona kwamba si haki kumpa muuguzi madaraka hayo. Lakini wagonjwa ambao zamani wangekufa wakapona. Mwaka 1965 Meltzer na Pinneo, pamoja na wenzao, wakachapa kitabu cha mafundisho kwa wauguzi. Twasisitiza jambo hili: chombo kilikuwa ni kile kile, na dawa ile ile. Kilichobadilika ni nani aliyefundishwa.

Habari za Afrika ya Mashariki

Je, huku kwetu? Katika nchi hizi wamisionari waliofundisha wasaidizi wa hospitali walijua tangu mwanzo kwamba bila maneno hakuna mafundisho. Albert Cook, aliyeanzisha hospitali ya Mengo, Uganda, mwaka 1897, alitunga kitabu cha maneno ya utabibu kwa Kiganda. Lakini juu ya moyo mafundisho yalikuwa machache, na sababu yake yaonekana katika taarifa moja mashuhuri. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo ya Kusini katika Kenya, alitangaza katika gazeti la Lancet kwamba amewapima watu 1000. Akaona kwamba presha yao haikupanda kwa uzee kama ya Wazungu, bali baada ya miaka 40 ilielekea kushuka.

Donnison alipima kwa haki. Kosa lilikuwa la waliosoma hesabu yake wakaifanya kuwa tabia ya taifa, wakasema kwamba presha si ugonjwa wa Mwafrika, basi ya nini kuifundisha? Wanafunzi wa miaka mingi wakatoka vyuoni na kipimo mkononi wasichokitazamia kuonyesha kitu. Hata hivyo mambo yalikuwa yakigeuka. Mwaka 1948 J. N. P. Davies alieleza huko Kampala ugonjwa wa moyo ambao ndani yake moyo hushika makovu na kuwa mgumu. Na mwaka 1956 Hugh Trowell na mwenzake wakaandika habari ya Mwafrika aliyepatwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo, kama jambo la nadra.

Jibu lenyewe lilitoka kwa watu wa upande ule ule wa ziwa ambako Donnison alifanya kazi. Katika miaka ya 1980 wachunguzi, ambao Neil Poulter alikuwa mmoja wao, waliwafuata Wajaluo waliotoka vijijini kwenda kutafuta kazi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki. Taarifa yao ya mwaka 1990 ilionyesha kwamba presha ya waliohama ilianza kupanda katika miezi ya kwanza tu ya kukaa mjini. Chumvi katika mkojo wao ilizidi, potasi ilipungua, na mapigo ya moyo yalikuwa ya haraka zaidi. Damu yao haikubadilika taifa njiani. Chakula chao na maisha yao ndiyo yaliyobadilika.

Leo hakuna nchi iwezayo kusema kwamba magonjwa haya ni ya wengine. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwaka 2022 yaliua watu milioni 19.8 ulimwenguni, na kwamba watu wazima wenye presha ya juu wamepita bilioni moja, na wengi wao hawajijui. Ndiyo maana mafundisho hayawezi tena kuwa sura moja mwishoni mwa kitabu.

Tena liko jambo moja ambalo lawahusu walimu wa shule moja kwa moja. Mtoto apatwapo na koo kwa vijidudu viitwavyo streptokoki, asipotibiwa aweza baada ya majuma machache kuvimba viungo na kupata homa, na mwishoni vilango vya moyo wake vikaharibika. Watu huita maumivu ya viungo “baridi yabisi” na kuyahesabu ya wazee. Kwa hiyo mzazi hashtuki akiona kwa mtoto. Katika Uganda ya kaskazini, upande wa Gulu, watoto 818 wa miaka 5 hadi 17 waliokuwa na dalili za mwanzo kabisa, zisizoonekana ila kwa chombo cha kutazama moyo, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja likachomwa sindano ya penisilini kila baada ya majuma manne. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Baada ya miaka miwili, waliozidiwa na ugonjwa katika kundi la sindano hawakufika hata 1 katika 100. Katika kundi jingine walikuwa 8 katika 100. Penisilini ni dawa ya zamani na ya bei nafuu. Kilicho ghali ni macho ya kumwona mtoto mapema, na mtu wa kumweleza mama yake kwa nini mtoto acheze leo na bado achomwe sindano kesho.

Mwisho wa maneno

Tukiitazama historia hii yote twaona kwamba ilisonga mbele kwa njia mbili tu. Kwanza, mtu alipoacha kurudia maneno ya kitabu akahesabu mwenyewe, kama Harvey, kama Withering. Pili, elimu iliyofungiwa kwa wachache ilipotolewa kwa yule aketiye karibu na mgonjwa, kama Philadelphia. Nasi twathubutu kuongeza njia ya tatu, ambayo ni kazi yetu hasa: elimu hiyo ipite kutoka kwa muuguzi mpaka kwa mgonjwa, katika maneno ambayo mgonjwa atakwenda nayo nyumbani.

Kwa hiyo twawasihi walimu wa vyuo vya uuguzi wafanye mambo matatu. Wanafunzi wahesabu na kupima miili yao wenyewe kabla ya kufungua kitabu. Waandike maneno ya watu, chembe cha moyo, mshipa, presha, kiharusi, na karibu ya kila neno waandike hatari ya kulielewa vibaya. Tena wasimwache mgonjwa aondoke kabla hajaeleza yeye mwenyewe, kwa maneno yake, alichoambiwa. Si kwa kumjaribu kama mtoto, bali kwa heshima, ili muuguzi ajue kama yeye amesema vema.

Nao wachungaji wana sehemu yao. Mgonjwa aliyefarijiwa atasema kwamba moyo wake umetulia, naye asema kweli. Lakini asiachwe kudhani kwamba vidonge navyo vimemaliza kazi yake. Faraja na dawa hazigombani, ila moja haifanyi kazi ya nyingine.

Bibi yule angeambiwaje? Pengine hivi: “Bibi, mawazo ya shamba yanaweza kukuzidishia, lakini presha hii haimo katika mawazo. Imo katika njia za damu. Damu inasukumwa kwa nguvu nyingi kama maji katika bomba jembamba, na bomba likichoka hupasuka au huziba. Hutasikia maumivu. Hata siku ukiwa na furaha, itakuwapo. Vidonge hivi unywe kila siku, chumvi uipunguze, na urudi mwezi ujao nikupime tena. Sasa, bibi, niambie: wajukuu wakikuuliza kwa nini unameza dawa na huumwi, utawajibu nini?” Maneno hayo hayamalizi dakika mbili. Mwanafunzi yule sasa ni mwalimu wa wengine, naye huwafundisha hivyo.